Mifupa inayobaki ardhini inatueleza nini kuhusu watu wa kale?

MNYAMA anapokufa porini, kazi ya kumwondoa duniani huanza saa ile ile. Nzi hufika, tumbusi hushuka, fisi huburura mguu na kwenda nao kichakani, na bakteria waliokuwa tumboni mwake alipokuwa hai huanza kuula mwili uliokuwa ukiwahifadhi. Baada ya miaka michache, mara nyingi hakuna kinachoonekana.

Hata hivyo, mara chache sana, baadhi ya mifupa hufunikwa na udongo kabla ya kuharibika, ikakaa humo kwa maelfu au hata mamilioni ya miaka. Ni kwa mifupa hiyo michache wataalamu hujaribu kueleza watu wa kale walikula nini, kama waliwinda au waliokota mabaki ya simba, na ni lini walianza kuwazika wafu wao.

Tatizo ni kwamba kilichobaki ardhini si picha kamili ya kilichokuwepo. Mfupa unaochimbuliwa leo umepita katika machujio mengi: meno ya wanyama, jua, mvua, mizizi na kemikali za udongo. Kila chujio liliondoa kitu na kuacha kingine. Mtafiti asiyeifahamu njia hiyo anaweza kuyachukua matendo ya fisi akayaandika katika historia ya binadamu, na jambo hilo limewahi kutokea.

Elimu inayochunguza safari ya kiumbe kutoka uhai hadi kuwa kisukuku huitwa tafonomia. Jina hilo lilitungwa mwaka 1940 na Ivan Efremov, mtaalamu wa visukuku wa Urusi ya Kisovieti, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya kaburi na sheria. Kwa maneno mengine, ni elimu ya kanuni zinazotawala maziko, yawe yamefanywa na binadamu au na maumbile yenyewe.

Mzoga unavyooza

Moyo unaposimama, chembe hai za mwili hukosa oksijeni. Vimeng'enya vilivyomo ndani yake huanza kuzivunjavunja chembe zenyewe. Bakteria wa tumboni, ambao hapo awali walidhibitiwa na kinga ya mwili, husambaa kila mahali. Kazi yao huzalisha gesi kama methani, amonia na ile ya salfa yenye harufu ya yai viza, na gesi hizo ndizo zinazouvimbisha mzoga.

Mzoga ukiwa juu ya ardhi, nzi hutaga mayai yao muda mfupi tu baada ya kifo. Penye joto, funza wanaweza kumaliza nyama laini katika muda wa siku au wiki chache.

Mzoga uliofukiwa huenda kwa mwendo mwingine. Nzi wengi hawaufikii, oksijeni ni haba, na joto la chini ya ardhi halipandi na kushuka kama la juu. Kwa sababu hiyo, wanyama wawili wa aina moja na uzito mmoja waliokufa siku moja, mmoja akaachwa juani na mwingine akafukiwa, hawataoza kwa muda ulio sawa. Aliyefukiwa huchelewa, na kadiri shimo linavyokuwa na kina kirefu ndivyo anavyozidi kuchelewa.

Nyama, ngozi na kano zikiisha, hubaki mifupa. Wengi huuona mfupa kama jiwe, lakini umbile lake ni la vitu viwili vilivyoshikamana. Takriban theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu ni madini ya kalsiamu na fosfeti. Sehemu kubwa ya kinachosalia ni kolajeni, protini yenye nyuzinyuzi inayoufanya mfupa uweze kunyumbuka kidogo bila kukatika.

Vitu hivyo viwili hulindana. Madini huwazuia bakteria wasiifikie kolajeni kwa urahisi, nayo kolajeni huyashikilia madini yasimeguke. Mfupa huharibika pale mmoja wa walinzi hao anapoondoka. Kolajeni ikiliwa, mfupa hubaki mwepesi na wenye kuvunjika kama chaki. Madini yakiyeyuka, hulainika na hatimaye kutoweka kabisa.

Udongo unavyoamua

Kitu kinachoamua ni kipi kati ya hivyo kitatangulia kuondoka ni udongo wenyewe. Udongo wenye asidi huyayeyusha madini. Huko Sutton Hoo, mashariki mwa Uingereza, ambako watu walizikwa katika mchanga wa aina hiyo takriban miaka 1,400 iliyopita, miili mingi imebaki kuwa madoa meusi mchangani yenye umbo la binadamu. Wachimbaji hulazimika kulichonga umbo hilo katika mchanga wenyewe, kwa kuwa mfupa wa kushika haupo.

Katika ardhi ya majimaji isiyo na oksijeni mambo huwa kinyume. Mwaka 1950 huko Denmark ulipatikana mwili wa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ambaye leo anajulikana kwa jina la Tollund. Uso wake, ndevu zake fupi na hata mikunjo ya paji lake vilikuwa bado vinaonekana, kwa sababu kemikali za mimea ya bwawa lile ziliikausha ngozi yake kama ngozi inayotengenezwa kiwandani. Katika mabwawa ya namna hiyo ngozi hudumu huku mifupa ikilainika.

Baridi kali nayo huusimamisha uozo. Mwaka 2007, katika rasi ya Yamal kaskazini mwa Urusi, alipatikana ndama wa mamothi, mnyama wa jamii ya tembo aliyekwisha kutoweka duniani. Ndama huyo aliyepewa jina la Lyuba alikuwa amekaa katika ardhi iliyoganda kwa takriban miaka 42,000, na bado alikuwa na ngozi na viungo vyake vya ndani.

Afrika Mashariki haina ardhi iliyoganda ya namna hiyo, lakini ina chokaa na matumbawe. Udongo wa chokaa hauna asidi, hivyo huihifadhi mifupa vizuri. Ndiyo maana pango la Kuumbi, lililoko kusini mwa kisiwa cha Unguja, limetoa mifupa ya pundamilia na nyati, wanyama ambao leo hawapo kisiwani humo. Mifupa hiyo ni ushahidi wa enzi ambazo kina cha bahari kilikuwa chini na Unguja ilikuwa imeungana na bara.

Kwa upande mwingine, joto la ukanda huu ni adui mkubwa. Joto huharakisha kuvunjika kwa kolajeni, ambayo hutumika kupima umri wa mfupa kwa njia ya kaboni, na huharibu pia vinasaba. Mfupa wa umri ule ule ambao Ulaya ungetoa vipimo vizuri unaweza kuonekana mzima hapa, lakini ukipelekwa maabara usitoe chochote.

Meno hudumu kuliko mifupa. Ganda gumu la nje ya jino lina madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake, na bakteria hawapati cha kula humo. Mifupa iliyoungua hadi kuwa myeupe nayo hudumu vizuri kuliko mibichi katika udongo wenye asidi, kwa sababu moto huwa umekwisha kuondoa kolajeni na kuyabadili madini yakawa magumu zaidi.

Fundisho la kwanza kwa mwanaakiolojia ni kwamba kutoonekana kwa mifupa si ushahidi kwamba wanyama hawakuwepo. Kijiji cha wafugaji kilichojengwa juu ya udongo wenye asidi kinaweza kuonekana kana kwamba wakazi wake hawakuwahi kufuga hata mbuzi mmoja, na kinachobaki kikawa ni meno machache na vipande vya mifupa iliyoanguka motoni.

Somo la Amboseli

Ili kuzielewa kanuni hizo, watafiti waliamua kuacha kwa muda kuchimba mifupa ya kale na kuifuatilia mifupa ya leo. Kazi iliyopata sifa kubwa zaidi ilianza mwaka 1975 katika Hifadhi ya Amboseli, kusini mwa Kenya, chini ya Anna K. Behrensmeyer, mtafiti wa Kimarekani, na David Western, mtaalamu wa ikolojia wa Kenya.

Walipita mbugani wakihesabu mifupa iliyolala juu ya ardhi, wakiandika ni ya mnyama gani, iko wapi na ina hali gani. Baadhi ya mizoga ilijulikana tarehe ya kifo chake, hivyo waliweza kuona mfupa unavyobadilika mwaka hadi mwaka.

Mwaka 1978 Behrensmeyer alichapisha ngazi sita za kuchakaa kwa mfupa, kuanzia sifuri hadi tano. Katika ngazi ya sifuri mfupa bado una mafuta na hauna ufa. Katika ya kwanza nyufa huanza kutokea, zikifuata urefu wa nyuzi zake. Katika ya pili tabaka la juu hubanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Ya tatu na ya nne huuacha mfupa ukiwa na uso mkwaruzo wenye nyuzi na vibanzi. Katika ya tano humeguka pale pale ulipolala na mtu hawezi kuuokota ukiwa mzima.

Kwa mifupa ya wanyama wakubwa, safari hiyo yote huko Amboseli huchukua takriban miaka 10 hadi 15. Iliyo kivulini huchelewa. Ya wanyama wadogo huwahi kutoweka, kwa kuwa ni myembamba na walaji huweza kuimeza mizima.

Ngazi hizo zimekuwa saa ya mwanaakiolojia. Mfupa ukifunikwa na udongo, uchakavu unaosababishwa na jua husimama. Kwa hiyo mfupa wa miaka milioni moja wenye uso laini usio na nyufa hueleza kwamba ulifunikwa mapema, pengine kabla ya mwaka kupita. Mifupa ya mahali pamoja ikiwa katika ngazi zinazotofautiana sana, inaelekea ilikusanyika kwa miaka mingi, na si karamu ya siku moja.

Amboseli ilitoa pia onyo. Watafiti waliporudi miaka ya baadaye, wakati fisi walikuwa wameongezeka ikilinganishwa na mawindo, walikuta mizoga imetafunwa na kutawanywa zaidi kuliko katika miaka ya 1970. Mbuga ni ile ile na wanyama ni wale wale, lakini mifupa ilikuwa na sura nyingine kwa sababu ushindani wa walaji ulibadilika.

Fundi wa silaha au chui?

Madhara ya kutozijua kanuni hizo yalionekana Afrika Kusini. Raymond Dart, aliyeutangazia ulimwengu fuvu la mtoto wa Taung mwaka 1925, baadaye alichunguza maelfu ya vipande vya mifupa kutoka pango la Makapansgat. Aligundua kuwa baadhi ya sehemu za mwili zilikuwa nyingi mno na nyingine hazikuonekana kabisa.

Dart aliamini kuwa upungufu huo haukuwa wa bahati nasibu. Alisema viumbe wa kale wa jamii ya binadamu walichagua mifupa, meno na pembe na kuvifanya silaha. Hata kukosekana kwa mifupa ya mikia alikueleza kwa kusema kwamba huenda mikia ilitumiwa kama mijeledi nje ya pango. Katika miaka ya 1960 mwandishi wa Kimarekani Robert Ardrey aliyaeneza mawazo hayo kwa wasomaji wengi, na ikaonekana kama sayansi imethibitisha kwamba binadamu ametokana na ukoo wa wauaji.

Mtafiti mwingine wa Afrika Kusini, C. K. Brain, hakuridhika. Katika miaka ya 1960 alikwenda kando ya mto Kuiseb, nchini Namibia, kwenye vijiji vya wafugaji wa Kikhoikhoi, akakusanya mifupa ya mbuzi waliochinjwa na kuliwa na watu, kisha ikatafunwa na mbwa. Hapakuwa na mtu yeyote aliyechagua silaha hapo.

Matokeo yalifanana na yale ya Makapansgat. Katika mfupa wa juu wa mguu wa mbele, ncha ya upande wa kiwiko, ambayo ni ngumu na hukomaa mapema, ilipatikana kwa wingi. Ncha ya upande wa bega, ambayo ni laini na huchelewa kukomaa, haikupatikana hata moja. Mifupa ya mkia ilikuwa haba vile vile. Kilichochagua mifupa ya Makapansgat kilikuwa ni ugumu wa mfupa na meno ya walaji.

Brain aliendelea hadi pango la Swartkrans. Humo lilipatikana fuvu la kijana wa jamii ya kale lenye matundu mawili nyuma, na nafasi kati ya matundu hayo ililingana na meno ya chonge ya chui. Katika kitabu chake cha mwaka 1981 alihitimisha kuwa wengi wa viumbe hao walikuwa mawindo. Hata yule mtoto wa Taung, watafiti Lee Berger na Ron Clarke walieleza mwaka 1995 kwamba aliuawa na ndege mkubwa wa jamii ya tai, na alama zilizoonekana baadaye ndani ya matundu ya macho yake zimeliunga mkono wazo hilo.

Mabishano ya Olduvai

Hapa Tanzania, swali hilo hilo limelihusu Bonde la Olduvai, ambalo Wamaasai huliita Oldupai. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona humo fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus. Uchimbaji uliofuata mahali hapo ulifichua maelfu ya zana za mawe na vipande vya mifupa ya wanyama katika tabaka moja lenye umri wa takriban miaka milioni 1.84.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mchanganyiko huo ni kambi: watu wa kale waliwinda, wakaleta nyama nyumbani na kugawana. Mwanaakiolojia wa Kimarekani Lewis Binford alilipinga wazo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alidai kuwa mifupa mingi iliachwa na simba na fisi, na kwamba viumbe hao walifika mwishoni kuokota mabaki na kuvunja mifupa ili wapate uboho.

Mwaka 1981 Henry Bunn kwa upande mmoja, na Richard Potts na Pat Shipman kwa upande mwingine, walitangaza kwamba mifupa ya Olduvai ina alama za kukatwa kwa mawe. Mabishano yakahamia kwenye mikwaruzo yenyewe.

Mkato wa jiwe lenye makali huwa mwembamba, wenye umbo kama herufi V, na ndani yake mna mistari midogo inayokwenda sambamba. Jino la mnyama huacha mfereji mpana zaidi wenye kitako cha mviringo. Mfupa uliokanyagwa na kwato juu ya changarawe huwa na mikwaruzo mingi, ya juu juu, inayoelekea kila upande. Aidha, mfupa uliovunjwa ukiwa mbichi hupasuka kwa mzunguko na kingo zake huwa laini, ilhali ule uliovunjika baada ya kukauka hukatika kama kijiti kikavu.

Mahali ilipo alama napo pana maana. Mikato ikiwa katikati ya mifupa mirefu, ambako nyama ni nyingi, aliyekata alifika mapema. Ikiwa imebaki kwenye viungo tu, huenda alikuta nyama imekwisha. Ili kuipima hoja hiyo, Robert Blumenschine alifuatilia mizoga katika Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1980, akiandika simba walikula sehemu gani kwanza na waliacha nini. Watafiti wengine waliishi na Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi, wakitazama wawindaji wanavyokatakata mnyama na wapi wanatupa mifupa.

Mwaka 2007 kundi lililoongozwa na Manuel Domínguez-Rodrigo wa Hispania lilichapisha uchunguzi mpya wa mifupa ya Olduvai. Lilihitimisha kwamba katika maeneo mengi ya tabaka la chini la bonde hilo, mifupa na zana zilikutana kwa bahati tu, na kwamba walaji wa nyama ndio walioileta mifupa. Lakini pale alipopatikana Zinjanthropus, alama zilionyesha kuwa waliotumia mawe waliifikia nyama wakati bado ipo. Baadhi ya wataalamu hawakubaliani na hitimisho hilo, na mifupa hiyo bado inachunguzwa upya.

Mtanzania Jackson Njau ameongeza mshukiwa ambaye wengi walikuwa wamemsahau. Mwaka 2006, akishirikiana na Blumenschine, alieleza alama zinazoachwa na mamba kwenye mifupa ya wanyama wakubwa. Mamba hatafuni kama fisi. Hubana, hutikisa na kujizungusha, kisha humeza. Meno yake huacha vishimo ambavyo baadhi hukatwa katikati na mstari. Alama za namna hiyo zimeonekana katika mifupa ya kale ya Olduvai, ikiwemo ya viumbe wa jamii ya binadamu, na mwaka 2010 aina ya mamba iliyoishi huko ilipewa jina la kisayansi lenye maana ya mla watu.

Mtoto wa Kilifi

Kanuni zilizopatikana kwa wanyama hutumika pia kwa binadamu. Mwaka 2021 wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wenzao wa Ujerumani na Hispania walitangaza kaburi la mtoto katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi. Mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, na alizikwa takriban miaka 78,000 iliyopita.

Mifupa ilikuwa imeoza kiasi kwamba ikiguswa inageuka unga. Ililazimu bonge zima la udongo lifungwe kwa plasta na kusafirishwa hadi Nairobi, kisha Burgos, Hispania, ambako lilichambuliwa polepole maabara. Watafiti walimpa jina la Mtoto.

Swali lilikuwa kama kweli alizikwa au alifunikwa tu na udongo wa pangoni. Jibu lilipatikana katika namna alivyooza. Mifupa ya uti wa mgongo na mbavu ilikuwa bado imepangana kama ilivyokuwa mwilini, jambo ambalo haliwezekani kwa mwili ulioachwa wazi na kuburutwa na wanyama. Kemikali za udongo zilionyesha kuwa mwili uliozea pale pale. Udongo uliojaza shimo ulikuwa tofauti na uliolizunguka.

Kulikuwa na dalili nyingine za kugusa moyo zaidi. Mfupa wa bega na mbavu za juu vilikuwa vimegeuka kwa namna inayotokea mwili unapokuwa umefungwa kwa kubana, pengine kwa majani au ngozi. Kichwa nacho kilikuwa kimeinama kana kwamba kiliwekwa juu ya mto uliooza na kuacha nafasi chini yake. Sanda na mto havipo tena. Vilivyobaki ni mifupa iliyosogea sentimita chache, na mpangilio huo ndio unaoeleza kuwa kuna watu waliomlaza mtoto wao kwa uangalifu.

Hata pasipo na mfupa

Wakati mwingine mifupa huisha kabisa, lakini udongo hubaki na kumbukumbu. Fosfeti inayotoka katika mifupa, nyama na kinyesi hushikana na chembe za udongo na haisombwi kwa urahisi na maji. Kwa kupima fosfeti, mwanaakiolojia anaweza kujua zizi lilikuwa wapi hata kama hakuna jiwe wala kigae kilichobaki.

Mfano mzuri ulichapishwa mwaka 2018 kutoka Narok, nchini Kenya. Watafiti walichunguza maboma matano ya wafugaji wa kale yenye umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700. Samadi iliyokusanyika humo ilikwisha kugeuka udongo zamani, lakini fosforasi, kalsiamu na magnesiamu yake vilikuwa bado vingi kuliko katika ardhi ya jirani. Nyasi za hapo huwa bora zaidi, na wanyamapori huvutwa na malisho hayo hadi leo.

Usiokote, toa taarifa

Yote haya yanatoa somo kwa mwananchi wa kawaida anayelima, anayechimba msingi wa nyumba au anayechunga mifugo kwenye makorongo. Thamani ya mfupa wa kale haiko katika mfupa peke yake. Iko pia katika kina ulipolala, upande ulioelekea, rangi ya udongo ulioushika na vitu vilivyokuwa jirani yake. Mfupa ukiokotwa na kupelekwa nyumbani hupoteza karibu yote hayo kwa mara moja, na hakuna maabara inayoweza kuyarudisha.

Nchini Tanzania malikale hulindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na nchini Kenya kuna Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Anayekuta mifupa au zana za mawe zisizo za kawaida anapaswa kuziacha mahali pake, kuweka alama na kuwaarifu viongozi wa eneo, ofisi ya mambo ya kale au makumbusho iliyo karibu.

Kama Mtoto wa Panga ya Saidi angeng'olewa kwa jembe na kutiwa katika gunia, kilichofika maabara kingekuwa unga wa mifupa, na habari ya sanda na mto isingejulikana kamwe.